Maua kwenye karatasi ya fundi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu nakshi za karne ya 19

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikikaa na vijana wanaojifunza kuchora ruwaza za vitambaa. Kila nikiwafungulia picha za michoro ya zamani ya rangi za maji kutoka Uingereza na Ufaransa, maswali ni yale yale, kwa hiyo nimeyakusanya hapa. Mengine nimeyajibu kwa mistari miwili mitatu kwa sababu hayahitaji zaidi. Mengine yamenipeleka mbali kuliko nilivyotarajia.

Michoro hii ilikuwa ya nini? Ya kutundika ukutani?

Michache tu. Mingi ninayoizungumzia hapa ilikuwa karatasi za kazi. Mchoraji alichora ua, akalipaka rangi, kisha karatasi ikaenda kwa mtu mwingine: mchongaji wa vibao vya kuchapia, mfumaji wa hariri, au fundi wa mazulia na vigae. Thamani yake ilikuwa katika kuelewesha. Fundi aliyekuwa chumba cha pili, au mji wa pili, alitakiwa aione na ajue la kufanya bila kuuliza.

Ndiyo maana utakuta mistari ya penseli haijafutwa, namba pembeni, matundu ya pini, na mara nyingine robo nzima ya karatasi imeachwa na penseli tupu huku sehemu nyingine zikiwa zimepakwa rangi kwa ustadi mkubwa. Mgeni hudhani mchoraji alichoka au alifariki. Wala. Sehemu ile ingejirudia tu, na rangi ni pesa.

Kwa nini walitumia rangi za maji na si za mafuta?

Kwa sababu zinakauka upesi, hazinuki, na zinakubali karatasi. Pia zinaweza kupakwa zikatulia bapa, bila mng'ao, zikafanana na rangi itakayochapwa. Ukitaka kumwonyesha mchapaji kwamba jani hili liwe na kijani kimoja tu kuanzia kikonyo hadi ncha, rangi ya mafuta yenye mawimbi ya brashi itamchanganya.

Kuna aina mbili za kuzitofautisha. Ya kwanza ni nyepesi, inayoacha weupe wa karatasi uonekane kupitia kwake. Ya pili ni nzito, iliyochanganywa na kitu cheupe hadi ikafunika kabisa kilicho chini. Wengi huiita guashi. Mwaka 1834 kampuni ya Winsor & Newton ya London ilianza kuuza rangi nyeupe ya oksidi ya zinki, ikaiita Chinese White, na wachoraji wakapata nyeupe nzuri ya kuchanganyia. Kwenye michoro ya ruwaza utazikuta zote mbili katika karatasi moja: kivuli cha petali kwa rangi nyepesi, na uwanja wa nyuma kwa ile nzito.

Kinachozishikanisha rangi hizi na karatasi ni gundi ya miti ya jamii ya mgunga, na sehemu kubwa ya gundi hiyo kwa karne nyingi imetoka Sudan. Waridi la Kiingereza limeshikiliwa na utomvu wa Afrika. Huwa nafurahi kulitaja hilo darasani.

Nikiletewa mchoro mmoja, nianze kutazama wapi?

Anza na jambo la kitoto: tafuta pacha. Chagua ua moja, lile lililokuvuta kwanza, kisha litafute tena kwenye karatasi hiyo hiyo. Ukilipata, weka kidole kimoja hapa na kingine pale. Umbali kati ya vidole vyako ndio marudio, yaani kipande ambacho kikipangwa tena na tena kitajaza ukuta mzima au jora zima la kitambaa.

Kama ua halina pacha, basi unatazama kipande kimoja tu cha marudio, na hapo utazame kingo. Petali iliyokatwa ukingo wa kulia lazima nusu yake nyingine iwe ukingo wa kushoto. Ikiwa iko kwa urefu ule ule, vipande vinapangwa kama vyumba vya ubao wa drafti. Ikiwa imeshuka hadi katikati, fundi ametumia mtindo wa kushuka nusu: kila safu inaanzia katikati ya jirani yake, kama matofali yaliyosimamishwa wima. Mtindo huo ndio unaolipeleka jicho mshazari. Ruwaza inaonekana pana kuliko ilivyo, na ule mstari wa ngazi unaoudhi kwenye vitambaa vya bei ya chini unapotea.

Ukishaona marudio, fuata shina. Chukua ua lolote, hata dogo lililojificha pembeni, urudi nyuma kwa kidole: kikonyo, tawi, tawi mama. Owen Jones, msanifu majengo wa London aliyechapisha The Grammar of Ornament mwaka 1856, aliweka kanuni kwamba mistari yote ya nakshi itoke kwenye shina moja, na kila pambo, hata liwe mbali vipi, liweze kufuatwa hadi tawi lake na mzizi wake. Hakudai kaivumbua. Aliandika waziwazi kwamba ndivyo wafanyavyo mafundi wa Mashariki. Tangu mwaka 1834 alikuwa ameenda Granada kupima na kunakili nakshi za Alhambra, kasri la watawala Waislamu, na maisha yake yote aliziona kuwa kilele cha fani hii. Kwa hiyo mtu aliyezoea nakshi za msikitini au za mlango wa Lamu anaingia kwenye michoro hii akiwa na nusu ya ufunguo mkononi.

Jambo la tatu ni nafasi zilizo tupu. Kunja macho kidogo, usahau maua, utazame uwanja uliobaki kati yao. Kwa mchoraji hodari vipande hivyo vina maumbo yanayolingana, kana kwamba navyo vimekatwa kwa mkasi. Kwa mchoraji wa kawaida kuna mashimo, na shimo dogo kwenye karatasi likirudiwa mara mia mbili ukutani huwa barabara.

Mwisho hesabu rangi. Katika uchapaji wa vibao, kila rangi huhitaji kibao chake, na pengine zaidi ya kimoja. Karatasi ya ukutani ya William Morris, mchoraji wa ruwaza wa Uingereza, iitwayo Acanthus, ya mwaka 1875, ilitumia rangi 15 na vibao 30. Kitambaa chake cha Cray, cha mwaka 1884, kilihitaji vibao 34, na bei yake ikapanda. Ukilijua hilo, kivuli kidogo cha pinki kwenye kona ya petali hakitakupita hivi hivi. Kuna mtu alikichongea mti.

Lazima nijue majina ya maua?

Hapana. Mimi niliyapenda majani ya akantho miaka mingi kabla sijajua kwamba ni mmea wa kweli unaoota kando ya Bahari ya Mediterania. Ukitaka, jifunze machache yanayojirudia: akantho, tulipu, waridi, yungiyungi, komamanga, alizeti. Yanatosha.

Mbona maua mengine yako kama yamechumwa sasa hivi, na mengine bapa kama yamepigwa pasi?

Umegusa ugomvi mkubwa wa karne ile.

Upande mmoja walikuwa Wafaransa, hasa mji wa Lyon. Utajiri wa Lyon ulikuwa hariri, na hariri ilitaka maua. Shule ya sanaa ya mji ule ilikuwa na darasa maalumu la kuchora maua kwa ajili ya viwanda, na Antoine Berjon, mchoraji wa maua mwenye jicho la ajabu, aliliongoza tangu 1810 hadi 1823. Wanafunzi walianza na ua lenyewe mezani: umande, petali iliyoanza kusinyaa, jani lililotobolewa na mdudu. Kisha ua hilo lilihamishiwa kwenye karatasi ya visanduku vidogo, lipakwe rangi kisanduku kwa kisanduku, kwa sababu kila kisanduku kilimwambia mfumaji uzi upi upite juu. Mashine ya Jacquard, iliyotoka mwaka 1804, ilifuata maagizo hayo kupitia kadi zilizotobolewa matundu. Tazama karatasi ya namna hiyo kwa karibu: waridi lote limevunjika kuwa vijiwe vya mraba. Rudi hatua tatu nyuma, linajaa tena.

Maua haya yaliuzika sana. Kufikia katikati ya karne, nyumba za Uingereza zilikuwa na mazulia ambamo mtu alikanyaga mashada ya waridi yenye vivuli, kana kwamba yako hai.

Upande wa pili walikasirika. Walisema zulia ni sakafu, na sakafu ikae bapa. Kuchora ua lenye kivuli chini ya mguu ni kumdanganya mtembeaji. Mwaka 1852, mwaka mmoja baada ya Maonyesho Makuu ya London, makumbusho mapya ya Marlborough House, chini ya Henry Cole, yalitenga sehemu ya kuonyesha vitu vilivyopambwa vibaya, ili umma ujifunze kuchukia. Umma ulicheka. Charles Dickens naye aliudhihaki mtazamo huo katika riwaya mwaka 1854, pale mtoto wa shule anapokaripiwa kwa kukubali zulia lenye picha za maua kwa sababu tu anapenda maua.

Owen Jones alikuwa wa kambi hii ya pili, lakini alikuwa na hoja nzito kuliko matusi. Kwake ua la asili lisinakiliwe lilivyo. Lipangwe upya, libaki na cha kutosha kulikumbusha jicho, bila kuvunja umoja wa kitu kinachopambwa. Sura ya mwisho ya kitabu chake ni majani na maua yaliyotazamwa kutoka kwenye mimea yenyewe, na bamba moja lilichorwa na kijana Christopher Dresser, aliyekuwa mtaalamu wa mimea. Dresser aliyaonyesha maua kutoka juu na kutoka ubavuni, kama fundi anayechora ramani ya nyumba. Ghafla unaona kwamba ua lina pembe, lina hesabu, lina mpangilio wa tano au wa tatu. Hakulipiga pasi. Aliligeuza tu mpaka likaonyesha mifupa yake.

Mimi nasimama wapi? Kwa zulia nakubaliana na Jones. Kwa hariri, niachieni Berjon.

Na William Morris je? Jina lake halikosekani.

Halikosekani kwa sababu alipita katikati ya kambi zote mbili. Alizaliwa 1834, mwaka ule ule na Dresser. Aliyachora maua bapa, bila vivuli vizito, lakini yakaonekana yanaota. Karatasi zake za kwanza za ukutani, Trellis na Daisy, zilitoka mwaka 1864. Trellis ni waridi la uani limepanda kwenye fito za mbao, na ndege waliomo si wake: aliwaomba kwa rafiki yake Philip Webb, kwa kuwa hakujiamini kuchora ndege. Hilo hunipa moyo. Kufikia 1883 alikuwa amejizoesha vya kutosha kutoa Strawberry Thief, ambamo ndege wenye madoadoa kifuani wanaiba stroberi, kama alivyowaona bustanini kwake Kelmscott.

Katika mhadhara wake wa mwaka 1881 kuhusu kuchora ruwaza alisisitiza kwamba mmea kwenye ruwaza uonekane unakua kwa nguvu. Ukimtazama Morris baada ya Jones, utaona tofauti iko kwenye mkunjo wa shina. Shina la Jones linafuata duara. La Morris linakwepa kitu, linapinda, linarudi.

Nionyeshe mchoro mmoja kuanzia karatasi hadi kitambaa.

Tuchukue Tulip and Willow wa Morris, uliochorwa mwaka 1873; mchoro wa penseli na rangi za maji uko katika makumbusho ya Birmingham. Uwanja ni wa buluu ya kina. Nyuma kuna majani membamba ya mwerebi, yamelala kila upande kama samaki wadogo ndani ya maji. Mbele yao zimepita tulipu zenye petali zilizofunguka na majani mapana yanayojikunja ncha. Kwa hiyo kuna tabaka mbili za mimea: ya nyuma inajaza, ya mbele inasema. Mbinu hiyo Morris ataitumia tena na tena.

Mchoro ulipokamilika ulipelekwa kiwandani kuchapwa, na kitambaa kikarudi na buluu ya Prussia, kali na baridi. Morris hakuipenda. Buluu aliyoipaka kwenye karatasi ilikuwa akilini mwake nili, rangi ya mmea, ambayo kuichapa ilikuwa kazi ngumu: kitambaa chote huloweshwa nili kwanza, halafu sehemu za maua hufifishwa kwa dawa hadi ziwe nyeupe, ndipo nyekundu na manjano ziongezwe juu. Alikwenda kujifunza upakaji rangi kwa fundi Thomas Wardle huko Leek, Uingereza, mikono ikabaki ya buluu kwa siku nyingi, na mwaka 1881 akahamishia kazi zake Merton Abbey, karibu na London, penye mto na nafasi ya mapipa ya nili. Ni huko tu, mwaka 1883, Tulip and Willow ilipochapwa alivyotaka. Karatasi ilikuwa imemsubiri miaka 10.

Ukiweka picha ya mchoro na picha ya kitambaa cha nili ubavu kwa ubavu kwenye skrini, tazama kingo za majani. Kwenye karatasi brashi imeziacha kali. Kwenye kitambaa zimelainika kidogo, kwa kuwa dawa haikati kama wembe.

Wanawake walikuwa wapi?

Wengi walikuwa kazini bila majina. London ilikuwa na shule ya kike ya ubunifu tangu 1842. Binti wa Morris, May, alichora karatasi ya Honeysuckle akiwa na umri wa takriban miaka 21, na Kate Faulkner alichora karatasi na vigae kwa kampuni ya Morris. Hata wanaume wengi hatuwajui. Studio za Paris ziliuza michoro kwa viwanda, kiwanda kikapiga muhuri na namba ya daftari, na jina la aliyelichora ua likaishia hapo.

Ni kweli kwamba korosho kwenye kanga ilikuwa ua?

Swali hili nalipenda kuliko yote.

Chukua kanga yenye korosho kwenye pindo. Usitazame umbo la nje tu, tazama ndani. Mara nyingi tumbo la korosho limejaa vijiua, majani na nukta, na wakati mwingine kuna kikonyo chini, kana kwamba kitu kizima kimechomekwa ardhini. Vijiua vile ni kumbukumbu.

Katika shali za Kashmir za karne ya 17, pindoni kulikuwa na mmea mmoja mmoja mwembamba unaochanua, wakati mwingine na mizizi yake imeonyeshwa. Wahindi huita pambo hilo buta. Karne iliyofuata mmea ukawa shada, maua yakaongezeka, mara nyingine likawekewa chombo chini. Shada likajaa hadi likapata mstari wa kulizunguka, na ncha yake ikainama upande mmoja. Mwanzoni mwa karne ya 19 ua lenyewe lilikuwa limemezwa na umbo lake.

Ndipo Ulaya ikaingia. Shali za Kashmir zilipendwa Ufaransa na Uingereza, zilikuwa ghali mno, na wafumaji wa Paris, Lyon, Norwich na Paisley, mji wa Scotland, wakaanza kuziiga. Paisley ilifuma kwa wingi kiasi kwamba Waingereza hadi leo huliita pambo hili kwa jina la mji ule. Michoro ya rangi za maji ya shali hizi ni miongoni mwa kazi za kutisha zaidi za karne ile: robo ya shali imechorwa kwa brashi ya nywele chache, buta zimerefuka na kujipinda kama ndimi za moto, na ndani ya kila moja kuna bustani. Mashine ya Jacquard iliwaruhusu kuzirefusha, nao wakazirefusha. Kisha miaka ya 1870 mitindo ya magauni ikabadilika, mgongo wa gauni ukavimba, shali kubwa ikakosa pa kukaa, na biashara ikaanguka.

Pambo halikuanguka. Kwa vitambaa vya India na baadaye kwa kanga zilizochapwa Ulaya kwa ajili ya soko letu, liliendelea kufika pwani, na kila watu wakaliona tunda lao. India wengi huona embe bichi. Sisi tukaona korosho, na mkorosho wenyewe ni mgeni aliyeletwa na Wareno kutoka Brazil. Jina tulilolipa pambo la Kashmir ni la tunda la Marekani ya Kusini, nasi tunalitamka kana kwamba lilizaliwa Mtwara.

Nimesikia kijani cha zamani kina sumu. Niogope?

Kwa michoro iliyo nyuma ya kioo, hapana. Lakini habari ni ya kweli. Kijani cha Scheele, kilichovumbuliwa 1775, na kijani cha zumaridi, cha 1814, vilikuwa na arseniki, na vilipendwa kwa sababu hakukuwa na kijani kingine king'avu hivyo. Vilitumika kwenye karatasi za ukutani, kwenye maua bandia ya kofia, na kwenye visanduku vya rangi za maji. Mwaka 2003 uchunguzi wa kipande cha zamani cha Trellis ulikuta arseniki kwenye kijani chake. Na mali ya familia ya Morris ilitokana na hisa za mgodi wa Devon Great Consols, uliokuja kuwa mzalishaji mkubwa wa arseniki. Yeye mwenyewe alikuwa mkurugenzi wake mapema miaka ya 1870. Ukipata kisanduku cha rangi cha enzi hizo, usilambe brashi.

Mbona majani kwenye baadhi ya michoro ni ya buluu?

Mara nyingi hayakuchorwa hivyo. Kijani kilitengenezwa kwa kuchanganya buluu na manjano, na manjano nyingi za mimea hufa zikipigwa na mwanga. Manjano ikiondoka, buluu inabaki peke yake. Ukiinua ukingo uliofichwa chini ya fremu unaweza kukuta kijani cha siku ya kwanza.

Nimeuziwa ukurasa wa "mchoro halisi wa karne ya 19". Nitajuaje?

Kwa kioo cha kukuzia cha shilingi chache. Nasema kwa uchungu, maana yalinikuta. Nilinunua kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni ukurasa wa maua, karatasi imegeuka njano vizuri, dhahabu kidogo pembeni, na maelezo kwamba umepakwa kwa mkono. Nilikaa nao wiki mbili nikiwaonyesha watu. Siku moja nikaweka lenzi juu ya petali ya pinki, nikaona nukta. Nukta ndogo ndogo, nyekundu juu ya pinki hafifu, zimetawanyika sawasawa. Brashi haiweki nukta hivyo. Ulikuwa ukurasa wa kitabu, umechapwa kwa mawe ya rangi, umekatwa na kuuzwa peke yake. Kitabu cha Jones na vingine vingi vya wakati huo vilichapwa kwa njia hiyo, jiwe moja kwa kila rangi.

Rangi ya maji iliyopakwa kwa mkono huacha ukingo mweusi kidogo pale tone lilipokaukia, na utaona rangi ikipita mstari wa penseli kwa unywele mmoja hapa na pale. Kwenye uchapaji, rangi mbili zisipokutana sawasawa, zinakosana kwa kiasi kile kile ukurasa mzima.

Ukurasa wangu bado ninao. Ni mzuri sana kwa kufundishia nukta.

Natunzaje karatasi kama hii mjini penye joto na unyevu?

Adui wa kwanza ni mwanga. Makumbusho mengi hupunguza taa hadi lux 50 (lux ni kipimo cha mwanga) kwa rangi za maji, na huziondoa ukutani baada ya muda zipumzike gizani. Usitundike ukuta unaotazama dirisha. Adui wa pili, kwa sisi wa pwani, ni ukungu: kioo kisigusane na karatasi, weka kadi isiyo na asidi katikati, na fremu isibanwe kwenye ukuta wa nje unaotoa jasho wakati wa masika. Usipake vanishi. Usibandike kwa selotepu, hata kidogo.

Naweza kuiona wapi bila kusafiri?

Makumbusho ya Victoria and Albert ya London, Metropolitan na Cooper Hewitt za New York, na Rijksmuseum ya Amsterdam zina picha nyingi mtandaoni. Metropolitan imeachia picha za kazi zisizo na hakimiliki zitumiwe bure tangu 2017. Anayeweza kusafiri asiikose nyumba ya utotoni ya Morris huko Walthamstow, ambayo sasa ni makumbusho yake, na makumbusho ya vitambaa vilivyochapwa ya Mulhouse, Ufaransa, mji uliochapa vitambaa tangu 1746.

Naruhusiwa kuzichapa kwenye bidhaa zangu?

Mchoro wenyewe, kwa kawaida ndiyo. Kenya na Tanzania Bara hakimiliki hudumu miaka 50 baada ya kifo cha msanii, na kwingine mara nyingi ni 70. Morris alifariki 1896. Angalia masharti ya picha uliyoipakua, kwani mpigapicha au makumbusho yanaweza kuwa na madai yao.

Sijui kuchora. Naweza kujaribu hata hivyo?

Kata karatasi ya mraba, sentimita 12 kwa 12. Katikati yake chora kitu kilicho mlangoni kwako, asumini au jani la mpapai, lakini usiguse kingo. Sasa ikate karatasi vipande vinne sawa. Badilisha nafasi zao: kilichokuwa juu kushoto kiende chini kulia, na kila kimoja kivuke hivyo hivyo kwenda kona ya pili. Vibandike kwa nyuma. Ua lako limepasuka, limekimbilia kwenye kona nne, na katikati kuna uwanja mtupu wenye umbo la ajabu. Ujaze. Peleka kikonyo kutoka kona moja, kikutane na kingine.

Kisha itoe nakala tisa kwenye mashine ya fotokopi ya mtaani, uzipange sakafuni tatu kwa tatu, usimame juu ya kiti utazame. Shimo ulilolisahau utaliona mara moja, na litakuwa limejirudia mara tisa.